Voleti ya kuviringika ku dirisha yangu, mwaka moja sasa

Bon, mie nafanyaka kazi ya usiku, kulala kwangu ni mchana. Dirisha ya chumba inaangalia mangaribi, na benye banaishi hapa Lubumbashi banajua mwezi wa kumi iko namna gani mbele ya mvula kuanza, ikifika saa kenda ya mchana jua inaingia mpaka ku mto. Nilianza na rido (pazia) nzito, nikaongeza ya pili juu yake, giza ikakuja kidogo lakini joto haikupunguka hata, juu jua ikisha kupita kioo joto iko tayari ndani ya nyumba, rido inaishika tu pale kisha inakurudishia pole pole sawa mbabula.

Njo nikaweka voleti ya inje, kifuniko cha dirisha cha vibao vya kuviringika. Iko mbele ya kioo, jua inapigia kwake na kubwa yake inabakia inje kulekule. Juu kuko kofre, ni sanduku, ndani ya kofre tubo ya chuma, vibao vya alimini vinajizungusha kwake ukivuta mkanda, na pembeni reli mbili zinavishika visipepee. Kila kibao kimeingiza mdomo mu kingine, na pale vinaposhikana kuko matundu madogo marefu kama punje ya mchele.

Fundi alinionyesha tu juu na chini, akakamata pesa, akaenda. Wiki mbili nilikuwa namukasirikia! Nashusha mpaka kibao cha mwisho kinagusa chini, naacha mkanda, chumba inajaa matone ya mwanga, ku kitanda, ku uso, popote. Nikamupigia: "Papa, voleti yako inatoboka." Akacheka: "Mama, achia tena mkanda kidogo." Nikaachia. Kibao cha chini hakisogei, lakini vya juu yake vinaanza kukaliana, kle kle kle, matundu yanafungika mstari kwa mstari toka chini mpaka juu. Giza ya kweli, mkono wako huuoni. Neno moja hivi na hakuliniambia siku ya kwanza.

Sasa ile ya katikati, yenye matundu, njo natumikishaka zaidi nikiamka. Kioo wazi, hewa inapita, mwanga inatosha kutafuta sapato, na mtu wa inje hanioni mchana. Usiku taa ikiwaka ndani ni kinyume, mufunge kabisa.

Tena kuko kibao kimoja karibu na kofre hakifungikake muzuri, kinaacha tundu moja. Asubui nimetoka kazi, nimelala tu, naona ku ukuta mutu anatembea kichwa chini miguu juu, na beseni yake chini ya kichwa! Nilishtuka, kumbe ni muuzaji anapita mu barabara, mwanga wake unapita mu tundu ile na kujipindua. Inaonekana muzuri asubui, wakati jua inapiga ile barabara. Batoto banaiita sinema ya mama, basi fundi sikumuita.

Muuzaji wa voleti alitaka nikamate ya moteri na telekomandi. Nilikataa juu ya kura, ni kusema umeme. Dada yangu yeye alikamata bila manivela, ile fimbo ya kuzungusha na mkono, kura ikakatika voleti iko chini, akashinda mu chumba na tochi ya telefone sawa mutu wa mugodi. Na batoto bakicheza nayo, panda shuka panda shuka, moteri inapata moto inajizima yenyewe mpaka ipoe, moteri mingi ya nyumba imefanywa kutembea dakika 4 hivi mfululizo, basi.

Ubaya yake? Vumbi nyekundu ya kiangazi mu reli. Kosa ilikuwa yangu, niliweka mafuta ya mashini, vumbi ikanata ikakuwa udongo na voleti ikakwama katikati, kushuka haishuki kupanda haipandi. Nilisugua na burosi na sabuni, nikaacha ikauke, kisha nikapuliza silikoni ya kukauka, ile hainatishe vumbi. Kelele ya mvula nayo usiniulize.

Mkanda umeanza kutoka nyuzi pale unapopita ku tundu ya ukuta. Nitaubadilisha mbele ya mvula, juu ukikatika voleti iko juu itaanguka yote mara moja, na batoto banapendaga kukaa pale ku dirisha.