Gari dogo la mtumba lenye raha: chungulia giaboksi kabla ya rangi

Malalamiko yanafanana. Mtu kanunua Vitz au Fit, rangi inang'aa, viti havina doa, AC inagandisha. Mwezi wa pili gari linatetemeka likiondoka kwenye mataa. Mwezi wa tatu linavuma kama mashine ya kusaga. Baadaye linakanyagwa mpaka mwisho, injini inapiga kelele, gari lenyewe linatambaa. Fundi anatamka maneno mawili, "giaboksi imekwisha", na mwenye gari anatafuta pa kukaa.

Kwa hiyo hapa hakuna habari ya redio, rangi wala ulaji wa mafuta. Magari yote yaliyomo humu yana injini ya cc 1600 kushuka chini, yanakula kidogo, na bodaboda wa kijiweni atakueleza hayo bila kukutoza. Kitu ambacho hakuna anayekikagua ni oili ya giaboksi, hasa kwenye CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye magari madogo ya Japani ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000.

Ndani ya CVT kuna puli mbili zenye umbo la pia na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli zikibana au kuachia, mkanda unapanda au kushuka, na uwiano wa mwendo unabadilika bila gia kuingia. Nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapogusa chuma, na katikati yake kuna utando mwembamba wa oili. Oili ya CVT imeundwa ili ikigandamizwa ifanye mkanda ung'ang'anie puli. ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, imeundwa kwa kazi nyingine, kulainisha na kupoza sahani za klachi zinazoingia na kutoka. Ukimimina ATF kwenye CVT, mkanda unateleza kidogo kidogo na kukwaruza uso wa puli. Vumbi la chuma linaingia kwenye bodi ya valvu inayogawa presha ya oili, presha inashuka, mkanda unateleza zaidi. Puli ikishachubuka, kuweka oili sahihi hakuirudishi.

Kosa hufanyika siku chache kabla gari halijauzwa. Muuzaji anataka kusema "limefanyiwa servisi", pipa la ATF liko pembeni, kila gari linapewa humo humo. Si mara zote ni hila. Fundi anaona oili nyekundu imetoka, anarudisha nyekundu. Lakini zipo oili halali za CVT zenye wekundu, zipo za kijani, kwa hiyo rangi haithibitishi chochote. Jina ndilo linalothibitisha: CVTF TC au FE kwa Toyota, HMMF au HCF-2 kwa Honda, NS-2 au NS-3 kwa Nissan, na CVTF Green kwa Suzuki, kila moja kulingana na modeli. Muulize muuzaji aliweka oili ipi. Akijibu "ya giaboksi", umeshajibiwa.

Ukienda kulitazama gari, mwambie asiliwashe kabla hujafika, kisha shika boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, maana kuna kelele zinazosikika gari likiwa baridi tu. Washa, sikiliza. Mlio wa cheni wa sekunde mbili tatu unavumilika. Ukiendelea baada ya hapo, cheni imelegea au oili ya injini haikubadilishwa kwa wakati. Halafu endesha nusu saa kamili. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi na kujisema ikipata moto, ndiyo maana wauzaji wengi wanapenda kukuzungusha dakika tano kuzunguka yadi.

Gari likishapata moto, ondoka taratibu sana kwenye mwinuko mdogo, mguu ukigusa tu. Mtetemo kati ya kilomita 10 na 20 kwa saa ni dalili mbaya. Kisha shikilia mwendo wa 60 barabara tambarare bila kubadilisha mguu na tazama mshale wa mizunguko ya injini; ukipanda na kushuka wenyewe, mkanda unateleza. Zima redio na AC usikie kama kuna mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Malizia kwa kurudi nyuma kwenye mwinuko mkiwa watu watatu ndani. Majaribio haya hayahitaji mashine yoyote.

Ukirudi, simamisha gari pa tambarare, injini ikiwaka, gia ikiwa P. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia oili, kichomoe na ukifute kwa tishu nyeupe. Harufu ya kuungua ni sababu ya kuondoka. Mng'ao wa kijivu kama rangi ya fedha kwenye tishu ni vumbi la chuma. Vijiti vingi vya Toyota vimechongwa aina ya oili inayotakiwa. Soma, kisha linganisha na jibu ulilopewa. Muuzaji akikubali sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, ishushwe, ndani yake kuna sumaku. Matope laini ya kijivu juu ya sumaku ni kawaida ya uchakavu. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa ukucha si kawaida.

Mwenye gia za mkono anaepuka haya yote, na orodha hii inaelemea huko bila kuomba radhi.

1. Suzuki Swift Sport, ZC31S

Hili ndilo gari. Lilitengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010, injini ya M16A ya cc 1600 yenye nguvu za farasi 125, uzito wa kama kilo 1,060, gia tano za mkono. Otomatiki yake ni ya gia nne, haina CVT, kwa hiyo hata asiyependa klachi yuko salama. Suzuki wameliwekea magurudumu kwenye kona kabisa za bodi na stelingi yenye uzito wa kueleweka. Ukikata kona unajua tairi la mbele linafanya nini. Kwa bei yake hakuna Toyota inayokupa hilo, na wanaobisha waendeshe yote mawili siku moja kwenye milima ya Lushoto.

Angalia usiuziwe ZC11S ya 1.3 iliyobandikwa nembo ya Sport. Herufi za mwanzo za namba ya chesisi ndizo jina la kweli la gari: lazima zisomeke ZC31S, kwenye bodi na kwenye kadi. Sport halisi ina breki za diski nyuma na bomba mbili za moshi. ZC11S ina breki za ngoma nyuma.

Penye matatizo ni sinkro (pete zinazolinganisha mwendo wa gia zinapoingia), oili ya injini na miguu. Gari likiwa bado baridi, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili: ikikwaruza, sinkro imechoka. Klachi ipime kwa kuweka gia ya nne kwenye kilomita 40 na kukanyaga mpaka mwisho. Injini ikipaa bila gari kufuata, sahani imekwisha. Moshi wa bluu utafute kwenye mteremko: shuka gia ikiwa ndani, mguu umeachia, halafu kanyaga ghafla huku mwenzako akitazama kwa nyuma. Bushi za mikono ya mbele hukatika kwenye barabara zetu, na tairi zake za 195/50R16 zina ukuta mfupi, kwa hiyo kila rimu izungushwe juu ya jeki uone kama imepinda.

ZC32S, iliyofuata kuanzia 2011, ina nguvu za farasi 136 na gia sita za mkono. Ni bora zaidi, na bei yake inajua. Otomatiki yake ni CVT; hiyo iache.

2. Honda Fit RS, GE8

Injini ya L15A, cc 1500, farasi 120, gia za mkono tano au sita kulingana na mwaka. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjuka kwenda juu na baiskeli inaingia imesimama. Valvu za injini hii hurekebishwa kwa skrubu na fila geji, kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya. Ikitikatika ikiwa moto, ulizia hilo kabla ya kuambiwa injini imekufa. RS nyingi ni CVT, basi hakikisha kuna pedeli tatu.

Fit ya zamani, GD1, ina plagi nane kwenye silinda nne na CVT yenye klachi ya kuondokea badala ya tokikonveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Mtetemo wake wa kuondoka ni maarufu. Mara nyingine oili ya HMMF huutuliza, lakini usinunue kwa tumaini hilo.

3. Mazda Demio, DE

Gari jepesi: Mazda walilipunguza kama kilo 100 kutoka kizazi kilichotangulia, na likachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Dunia 2008. Wepesi huo unausikia kwenye stelingi. Sport ya 1.5 yenye gia tano za mkono ndiyo tamu. Tatizo ni kwamba 1.3 nyingi huitwa DE3FS, iwe otomatiki ya gia nne au CVT. Kati ya hizo, daraja la 13C-V ndilo lenye CVT, na injini yake ni ZJ-VEM. Usipopata maandishi, kanyaga kwa upole kutoka sifuri na hesabu: gia nne zinakupa mishtuko mitatu midogo, CVT haikupi hata mmoja. Kagua pia raba za kushikilia injini. Usukani ukitikisika gari likiwa D na breki imekanyagwa, kuna raba iliyokufa.

4. Toyota Vitz RS, NCP91

Kwa gia za mkono tu. Injini ya 1NZ-FE ni ile ile ya IST 1.5 na Probox, kwa hiyo spea zipo Gerezani ya Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi hata Jumapili jioni. Ni gari zuri lisilo na mzaha wowote ndani yake. Iko ya nne kwa sababu ya bei: herufi sita za neno Toyota zinauzwa kama kipuri.

5. IST, kwa asiyetaka klachi

Kizazi cha kwanza: otomatiki ya gia nne, ATF ya T-IV, hakuna CVT. Chukua NCP61, weka shokapu nne mpya na tairi nzuri, litakuridhisha.

Passo ya KGC10 na March nyingi za K12 ni rahisi na zina gia nne. Raha hakuna. Vitz za kawaida za SCP90 na KSP90, na March ya K13, ni CVT. Rudi juu usome tena.

Sasa bei. Dalali wa Dar anauza kwa herufi ya namba ya usajili. "Namba E hiyo bosi, ful AC, haidaiwi, weka mafuta uondoke." Herufi ya namba inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2005 linaweza kubeba namba E na kugharimu zaidi ya la 2009 lenye namba D, na watu wanalipa huku wakitabasamu. Mita nayo inarudishwa nyuma kama saa ya ukutani. Omba nakala ya cheti cha kufutiwa usajili Japani, kina kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa kule. Asiyekuwa nacho anunuliwe kwa bei ya asiyekuwa nacho.

Kuagiza mwenyewe kuna hesabu yake. Gari lililozidi miaka 10 Tanzania linaongezewa ushuru wa uchakavu wa 30%, la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, na injini isiyozidi cc 1000 ndiyo inayosamehewa ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. ZC31S zote zimeshavuka miaka hiyo, kwa hiyo tafuta iliyokwisha kuingia nchini, na uweke kikokotoo cha TRA wazi kwenye simu wakati dalali anakueleza "ushuru ulivyopanda".

Bado umechukua CVT? Siku ya kwanza mwaga oili, ipime kwenye chombo, rudisha kiasi kile kile cha jina sahihi. Kwa magari haya ni kama lita 3 hadi 4. Nyingine imebaki ndani ya tokikonveta, hivyo rudia baada ya kilomita 1,000, na safari hii sampo ioshwe na chujio libadilishwe. Kwa gia za mkono, lita mbili na ushee zinatosha. Andika jina la oili na tarehe kwenye kipande cha plasta ukibandike karibu na kijiti, ili fundi atakayefungua boneti usipokuwepo asishike pipa.