Kamera ya kwanza ya familia: itazame kwa juu kabla hujatoa pesa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu DSLR za bei ya chini, yaani kamera kubwa za lenzi ya kubadilisha, yanafanana mno. Mama amenunua kamera Kariakoo ili ampige mwanawe picha siku anatimiza mwaka. Picha za mchana nzuri. Za usiku, sebuleni, zinatoka na nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta na giza nyuma yake, kwa sababu kile kiflashi cha kamera kinapiga usoni moja kwa moja. Anashauriwa anunue flashi ya nje. Ananunua, anaichomeka, anabonyeza: kimya. Akirudi dukani, muuzaji anabonyeza kitufe cha kujaribia kilicho mgongoni mwa flashi, inawaka, na mama anaambiwa hajui kuitumia. Si kweli. Kamera yake haina pini ya katikati.

Megapikseli sizizungumzii. Karibu kamera zote nitakazozitaja zina 24, na hizo zinatosha kuchapa picha kubwa ya kutundika ukutani. Nataka uangalie kitu kingine. Ishike kamera, itazame kwa juu, pale kwenye kitako cha chuma ambako flashi huingizwa. Ndani yake kuna vidoti vidogo vya chuma, na katikati panatakiwa kuwa na kimoja kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho ile pini ya katikati, kinachoiambia flashi iwake. Canon waliofanya miaka mingi wakikiweka wamekiondoa kwenye EOS 2000D na 4000D za mwaka 2018, kisha kwenye 250D ya 2019. Utakuta vidoti vinne vidogo, na katikati patupu. Flashi za Canon zenyewe, zile za E-TTL, zinazopanga nguvu ya mwanga kwa kuwasiliana na kamera, zinawaka, ila nyingine bei yake inakaribia ya kamera. Zile ambazo familia ya kawaida inazimudu, kama Yongnuo YN560 au Godox TT520, zinategemea kidoti kile kile kilichoondolewa. Ukizichomeka juu ya kamera hizo haziwaki.

Kwa picha za familia jambo hili nalipa uzito kuliko mengine yote. Sherehe zetu nyingi ni jioni, chini ya taa moja ya dari, na ngozi zetu zinahitaji mwanga laini ndipo rangi yake halisi ionekane. Ukiielekeza flashi juu kwenye dari jeupe la jipsamu, mwanga unarudi umetawanyika na bibi anaonekana mikunjo yake yote bila kung'aa. Anza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, kasi ya 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, flashi ukiiweka robo ya nguvu, halafu rekebisha. Nyumba haina dari? Elekeza kwenye ukuta mweupe wa pembeni.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Nikon D3500, na sifichi kwamba Nikon ndiyo naipenda. Pini ipo. Betri moja inapiga picha 1,550 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, wakati 2000D inaishia 500. Harusi ya siku nzima, umeme umekatika, bado unapiga. Na Nikon inaandika ndani ya faili ya picha idadi ya mara ambazo shata, yaani pazia la kamera, imefyatuka, hivyo ukinunua iliyotumika unapiga picha moja dukani, unaifungua kwa programu ya kusoma taarifa za picha, unajua ukweli. Kwa Canon za daraja hili idadi hiyo haiandikwi kwenye picha. Kasoro ya D3500 ni kwamba haina mota ya kufokasi (kulenga picha itoke kali) ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi inunue yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P, usije ukauziwa 50mm ya zamani ya AF-D ukalazimika kufokasi kwa mkono huku mtoto anakimbia. Nikon wameshaacha kuitengeneza, nyingi utakazozikuta zimetumika. Usiogope. D3400 ya 2016 ni karibu kamera hiyo hiyo, picha 1,200 kwa betri.

Inafuata Nikon D5600, kwa anayetaka kioo kinachogeuka na kuguswa. Halafu Canon 200D ya 2017, ambayo pini bado inayo. 250D naiweka chini yake ingawa ni mpya zaidi. Nikiri kwamba ukipiga kwa kutazama kioo cha nyuma inafuata uso wa mtoto vizuri kuliko Nikon D3500, na kama hutawahi kutumia flashi ya nje, ichukue.

2000D ndiyo wanayokusukumia kila duka, kwa sababu bado inapatikana mpya ndani ya boksi. Bora Canon 1300D iliyotumika, yenye pini. Na 4000D, yenye hata kile kiduara cha kushikia lenzi cha plastiki, iache.

Wauzaji nao wanatuchosha. Bei haibandikwi, unatazamwa kwanza umevaaje. Lenzi wanabadilisha: boksi linasema VR au IS, yaani lenzi inayotuliza mtikisiko wa mkono, ndani unakuta ile isiyo na herufi hizo. Soma maandishi kwenye lenzi yenyewe, si kwenye boksi. Kwa Canon, 18-55mm iliyoandikwa III peke yake haina utulizaji. Unayoitaka ni IS II au IS STM. Halafu wanakurundikia mkoba, stendi nyepesi na vichujio, wanaita ofa, wakati hela hiyo ingetosha kukupa flashi. Kibaya zaidi ni ile kauli ya "ukifungua boksi umenunua". Kitu cha mamia ya maelfu ya shilingi mtu anakatazwaje kukijaribu? Nenda na flashi ya kuazima ya pini moja, iweke juu ya kamera, bonyeza. Akikataa, ondoka, mtaa huo huo kuna maduka mengine yanayouza Nikon.