Mfuko ulipunguzwa, njaa ya Alhamisi ikabaki

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kipo karibu na soko, Lindi mjini, na kwa miaka 22 nimekula kwa kupima viuno vya watu. Changu sikuwa nakipima. Desemba 2023 nilipokizungushia futi ya kupimia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, zilibaki inchi nne tu mwisho wa futi ufike. Inchi 56. Kilo 148 kwa mtu wa sentimita 171, pamoja na sukari, presha na mkoromo uliomhamishia mke wangu chumba cha watoto.

Tangu nipungue, kila anayeleta kitambaa anaanza na swali: fundi, ulifanya nini, na je, nami niende? Wengine hawaulizi, wameshaamua wenyewe kwamba nimeukwaa. Naandika hapa ili nisirudie hadithi huku nimeshika mkasi.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula Februari 2024, hospitali binafsi Dar. Jina nitaliweka kando, maana nina ugomvi nao ambao nitaufikia. Milioni 14. Bima ilikataa, nikauza cherehani moja ya ovaloki, na mikorosho niliyorithi kwa mama kule Mtama nikamuuzia kaka yangu. Puto la kupunguza uzito, lile la Hospitali ya Mloganzila ambalo watu wengi wamelisikia redioni, si nililowekewa. Puto huingizwa kwa mdomo, likakaa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Mimi nilikatwa, na kilichokatwa hakirudi. Wala si utumbo, kama wanavyosema kijiweni. Ni mfuko wa chakula wenyewe.

Kwa lugha ya kibarazani: walichukua mfuko mpana, wakaukata kwa urefu, wakatoa zaidi ya robo tatu, wakabana ukingo kwa pini ndogo ndogo za chuma, kikabaki kitu chembamba mfano wa mkono wa shati. Kumbe hata jina lake la Kizungu, sliivu, ndiyo maana yake hiyo. Nilicheka peke yangu wodini. Nilimuuliza daktari wa upasuaji kama mshono wa namna ile hauachii. Nikadhani atanichukulia mzaha. Akavuta kiti, akanieleza kwamba huachia, ni mara chache lakini hutokea, na ukiachia ni hatari ya kufa. Ndiyo maana homa, moyo kwenda mbio au maumivu ya bega la kushoto si vitu vya kusubiri kesho. Fundi anayekueleza mahali mshono wake unapoweza kushindwa, huyo nampa heshima yangu yote. Mikono yake naipa nyota tano. Matundu matano madogo, siku ya tatu nilikuwa natembea koridoni, na hivi sasa makovu yake ukiyaona utadhani nimeumwa na mbu.

Kabla ya kisu kulikuwa na wiki mbili za vyakula vya majimaji ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Baada yake maji na supu iliyochujwa, kisha vya kusagwa, kisha laini. Hayo yote yanavumilika. Ambalo sikujiandaa nalo ni Ramadhani, iliyoingia nikiwa na wiki tano tu. Daktari alinikataza kufunga, nikakubali. Ila magharibi ikifika, nyumba nzima imezunguka sinia, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na mimi nina kikombe cha kahawa, kile kidogo cha Waarabu, nakunywa supu kijiko kimoja kimoja. Shangazi yangu aliniangalia akasema, "Mwanangu, hicho ndicho ulichouzia mikorosho ya mama yako?" Sikuwa na jibu.

Sukari ilishuka mapema, kabla hata kilo hazijapungua sana, na dawa nikapunguziwa. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zilianza kubaki kwenye mto. Wanasema ni kawaida, na kwangu zilirudi. Oktoba 2024 nilikuwa na kilo 102. Kiuno inchi 43. Suruali zangu zote nilizifumua mwenyewe, nyingine mara tatu.

Sasa ugomvi. Kwenye kifurushi tulichouziwa kulikuwa na daktari, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia, kwa mwaka mzima. Mwanasaikolojia nilimuona mara moja, kabla ya upasuaji, dakika kama 20, fomu ikiwa mezani. Aliniuliza: huwa unakula ukiwa na mawazo? Nikajibu hapana. Nilidanganya, na ninalikiri hilo hadharani, kwa sababu pesa nilishalipa na niliogopa kurudishwa. Lakini naye hakunitazama usoni. Aliweka alama, akageuza ukurasa. Mteja akiniambia kiuno chake ni 34 nami namuona ni 40, simwandikii 34. Nazungusha futi.

Kliniki ya miezi mitatu ilikuwa Mei 2024. Wiki hiyohiyo ndiyo barabara ilipokatika kule Kilwa baada ya Kimbunga Hidaya, na sisi wa kusini tukabaki huku. Nilipiga simu kuomba tuzungumze hivyo hivyo kwa simu. Wakasema watanipigia. Bado nasubiri. Wakaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila Jumatatu lilituma picha za watu waliopungua, kabla na baada. Ufuatiliaji: nyota moja, na hiyo nawapa kwa sababu ya yule dada wa mapokezi aliyekuwa akinijibu kwa adabu kwamba ujumbe ameufikisha.

Jambo ambalo hawakuniambia, au waliniambia nikiwa na usingizi wa dawa, ni hili. Sehemu wanayoitoa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo sikusikia njaa kabisa. Hata harufu ya pweza wa kuchoma pale ufukweni ilinipita hivihivi. Na bado, kuna usiku mikono yangu ilitafuta kitu cha kutia mdomoni. Zamani ningesema ni njaa. Safari hii njaa haikuwepo, nikabaki natazamana na hicho kitu kingine.

Mfuko mdogo unakataa nyama ngumu, unakataa ugali mwingi, ukilazimisha unatapika. Lakini kuna vitu vinateleza. Soda iliyotolewa gesi, juisi ya miwa, askrimu, na zaidi ya vyote, kwetu huku, korosho. Unatafuna moja, unashona pindo, unatafuna nyingine. Hazikubani, hazikutapishi. Gramu 100 za korosho zina kalori kama 550, na mimi nilikuwa namaliza robo kilo kati ya sala ya isha na saa saba usiku, milango imefungwa, redio chini, nashona sare za shule za Januari. Machi 2025 mzani ukasema 111. Suruali nilizozipunguza nikaanza kuziachia.

Aliyenisaidia hayupo Dar. Ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya serikali hapahapa Lindi, ambaye nilikuwa namshonea magauni bila kujua kazi yake. Kumuona ni elfu chache. Chumba kidogo, feni haizunguki, watu wanagonga mlango kuulizia chumba cha sindano. Hakuniambia niache korosho. Aliniambia niandike: saa ngapi, nimekula nini, dakika chache kabla kilitokea nini, na njaa ilikuwa wapi, tumboni au kifuani. Nikasema mimi si mtu wa kuandika. Akasema, "Fundi, na lile daftari la vipimo?"

Basi nikaandika humo humo, upande wa kulia wa ukurasa, mkabala na vifua na mikono ya wateja. Wiki tisa. Alilipitia kimya kimya, akafika mwisho, akauliza, "Alhamisi kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, gulio haliko Alhamisi. Akaniwekea kidole: Alhamisi saba kati ya tisa, korosho. Mama yangu alifariki usiku wa Alhamisi, 2021. Jioni ile alinipigia nimpelekee ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, nikamwambia kesho mama, nina gauni la bibi harusi. Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilikaa kimya mpaka aliyegonga mlango akachoka, akaondoka.

Si kila alichonishauri kilifaa. Alisema njaa ya kifuani ikija nitafute kazi ya mikono. Nikamwambia, dada yangu, mimi mikono ndiyo inakuwa kazini, na ndiyo hiyo inayochota korosho. Tukalifuta. Kilichofaa ni kula milo yangu kwa saa zake mchana, kibua au yai au choroko kwanza, kwa sababu siku nilizojinyima mchana ndizo nilizovunja usiku. Na kutokula kibarazani, hata tunda. Korosho nanunua vile vipakti vidogo, nakula nyumbani, kwenye sahani, nimekaa. Alhamisi nafunga saa kumi na moja jioni, naenda kwa dada yangu anayeishi Mtanda, tunamsomea mama Yasini, tunakula samaki. Mara nyingine naleta ming'oko, wao wanakula, mimi kipande kimoja kinanitosha. Alhamisi mbili za mwezi uliopita sikwenda. Daftari linajua kilichotokea.

Sasa nina kilo 106. Dawa ya presha naendelea nayo. Vitamini ni za kila siku, maisha yote: B12, chuma, kalsiamu na D. Hapa mjini kalsiamu ya aina niliyoandikiwa hupotea madukani wiki mbili tatu, kwa hiyo naagiza kwa basi la Dar. Hesabuni hiyo kabla hamjauza mikorosho.

Kwa wanaouliza niende wapi: kisu, nyota tano. Ufuatiliaji wa Dar, moja. Muuguzi wetu, nyota nne na nusu. Nusu nimekata kwa ajili ya feni. Yupo Jumatano tu, foleni inaanza saa moja, na ukifika saa tatu utamkuta anafunga mafaili. Mwambieni mmetumwa na fundi, atawauliza kama lile gauni lake la kitenge limekwisha. Semeni Ijumaa.