FreeSurfer: uzoefu wangu pale inapokosea mipaka ya ubongo

FreeSurfer ni programu ya bure kutoka Martinos Center, Massachusetts General Hospital, Boston. Ndiyo ninayoitegemea kupima ujazo wa hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) na unene wa gamba la ubongo kwenye picha za MRI. Naithamini kwa jambo moja hasa: ikikosea, unaona imekosea wapi, na unairekebisha bila kuanza upya.

Ukiipa picha ya T1 (aina moja ya picha ya MRI) yenye vokseli, yaani vijisanduku vinavyounda picha, vya milimita 1, recon-all, amri yake kuu, hufanya kazi kwa saa kadhaa, kisha hukuletea jedwali la namba lililonyooka. Usiliamini kabla hujafungua Freeview, kionyeshi chake cha picha, ukaitazama mipaka. Namba hutoka tu, hata kama mpaka umepita pasipo pake.

Kagua kwa mpangilio ule ule inaofuata programu, maana kosa la hatua za awali huzaa mengine mbele. Tazama kwanza brainmask.mgz, picha ya ubongo uliokwisha kuondolewa fuvu. Ikiwa kipande cha ubongo kimeondolewa pamoja na fuvu, pandisha -wsthresh, kiwango kinachoamua ukali wa kuondoa fuvu, kutoka 25 ya kawaida. Fuvu likibaki, ishushe. Utando mgumu unaoufunika ubongo nao hubaki ukadhaniwa ni gamba. Hapo jaribu -gcut, chaguo la kuukata utando huo, au ufute vokseli hizo kwa mkono kisha uendeshe -autorecon-pial, inayochora upya mpaka wa nje wa gamba.

Lakini kinachonila muda zaidi ni maada nyeupe (tishu iliyo chini ya gamba) iliyofifia, hasa ncha ya ubongo upande wa panja. Programu inalenga kuifikisha kwenye mng'ao wa 110. Ikibaki chini ya hapo, mpaka hukatiza ndani mno na kipande kizima hupotea. Dawa yake ni nukta za kudhibiti, alama za kuiambia programu kwamba hapo ni maada nyeupe. Ziweke katikati ya maada nyeupe, kwenye vokseli zilizo chini ya 110, na uzitawanye katika vipande kadhaa vya picha. Usizisogeze karibu na gamba, utaharibu zaidi. Kisha endesha recon-all -autorecon2-cp -autorecon3 na urudi kutazama. Naona watu wakikimbilia kupaka wm.mgz, ramani ya maada nyeupe, kwa brashi. Brashi hufaa kwa kidonda kinachoonekana cheusi kwenye T1, si mng'ao hafifu.

Mgonjwa akitikisika kwenye mashine, sijapata amri ya kuiokoa picha hiyo. Omba apigwe upya.

Picha za kawaida za hospitali, zenye vipande vinene vya milimita 5, nazipeleka kwa SynthSeg, zana ya kuyagawa maeneo ya ubongo inayokuja ndani ya FreeSurfer. Haichagui aina ya picha, humaliza upesi, na ukiongeza --qc hukupa alama za ubora kwa maeneo makuu ya ubongo. Ila hutoa ramani ya milimita 1 hata kwa picha hizo nene, kwa hiyo sehemu ya mpaka huo mzuri ni makadirio. Ujazo wa ventrikali (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo) nauchukua baada ya kuitazama ramani. Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo jirani na hipokampasi, kutoka vipande vya milimita 5 siiweki kwenye ripoti.