Honda Fit GE6: mafuta inayokula kweli, na vifaa vya kuongezea nilivyovijaribu

Nianze na namba, maana ndizo zinazoulizwa kwanza. Fit yangu ni ya kizazi cha pili, GE6, injini ya 1.3 i-VTEC yenye nguvu za farasi 100 na gia boksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Mjini, kwa ule mwendo wa kusimama na kwenda, inanipa kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Foleni ikiwa nzito na AC imewashwa muda wote, inashuka hadi 10. Kwenye barabara kuu nikitulia kati ya 80 na 90 napata 17, na siku njema 18. Nikikazana 110 na zaidi, inarudi 14. Tangi lake ni lita 42, kwa hiyo safari ndefu ya mwendo wa kiungwana inapita kilomita 600 kabla taa ya mafuta haijaanza kunikumbusha.

Kwa gari lenye uzito wa tani moja na viti vya nyuma vinavyokunjika hadi likameza friji, naona ni ulaji mzuri sana. Nalipenda gari hili na sifichi.

Tatizo ni kwamba gari lilipotoka mwaka 2007, takwimu rasmi ya Japani kwa modeli hii ilikuwa kilomita 24 kwa lita. Mtu akiiona 24 hiyo, kisha akapiga hesabu yake na kupata 12, anaamini gari lake linaumwa. Hapo ndipo wauza vifaa vya kupunguza ulaji wa mafuta wanapompatia. Ile 24 haikuwa uongo. Ilitoka kwenye kipimo cha maabara kilichoitwa 10-15: gari liko juu ya magurudumu ya mashine yanayozunguka, injini imeshapata moto, AC imezimwa, kasi ya juu kabisa ni 70 na wastani ni kilomita 22.7 kwa saa, na umbali mzima ni kilomita 4 na ushee. Hakuna kilima, hakuna upepo wa mbele, hakuna watu wanne na mizigo yao. Japani yenyewe ilikiacha kipimo hicho, ikahamia kipimo cha JC08 ambacho sehemu yake huanza na injini baridi, na baadaye ikaja WLTP. Kwa hiyo ukipata nusu ya 24 kwenye foleni, usimwite fundi bado. Pima kwanza.

Kupima kwangu ni kwa tangi kwa tangi. Najaza hadi pampu ikate yenyewe, naisifuri tripu, natembea mpaka tangi lipungue vya kutosha, narudi kujaza mpaka pampu ikate tena, ikiwezekana kituo kilekile na pampu ileile. Kilomita nazigawa kwa lita zilizoingia. Tangi moja peke yake halisemi kitu, kwa sababu pampu moja hukata mapema na nyingine huchelewa, kwa hiyo naangalia wastani wa matangi kadhaa yanayofuatana. Mita ya wastani ya dashibodi naitumia kuona mwelekeo tu. Bila utaratibu huu, kila kifaa utakachofunga kitaonekana kimefanya kazi, kwa sababu wiki ya kwanza baada ya kukilipia utaendesha kwa upole bila kujijua.

Sasa vifaa. Naanza na kilichobadilisha ulaji kuliko vyote, nacho ni rimu.

Gari lilinifikia likiwa na rimu za inchi 16 na tairi za 205/45. Linapendeza, sikatai. Lakini kibandiko cha mlangoni kinasema 175/65R14, na tofauti ya hapo si ya sura peke yake. Tairi pana lina msuguano mkubwa zaidi barabarani na linakata upepo zaidi. Rimu na tairi la saizi kubwa kwa kawaida huwa zito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuondoa kila taa ya kijani inapowaka. Kwa injini ya 1.3 yenye torki ya Nm 127, mzigo huo unausikia mguuni. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau kwenye hesabu: kipenyo. 205/45R16 lina kipenyo cha takriban milimita 591, na 175/65R14 takriban 583. Tairi kubwa linasafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini odomita haijui, kwa hiyo inahesabu pungufu kwa asilimia moja na kidogo. Ukilinganisha ulaji kabla na baada ya kubadili saizi, lazima urekebishe hapo, la sivyo unalinganisha kilomita zisizolingana.

Niliporudi kwenye inchi 14, na hesabu nikairekebisha, mjini nilipata karibu kilomita moja zaidi kwa kila lita. Na gari likaacha kunigonga mgongo kwenye mashimo, kwa sababu tairi lina nyama ya kutosha ubavuni. Nimeona watu wanafunga rimu za 17 na kifaa cha kuokoa mafuta kwa fundi mmoja, siku moja. Wanaongeza kwa mkono huu na kutoa kwa mkono ule, na vyote viwili wamevilipia.

Ukinunua tairi mpya, tafuta zile za msuguano mdogo. Tairi nyingi zina lebo ya Ulaya yenye herufi A hadi E: moja ya mafuta, nyingine ya kushika barabara ikiwa imelowa. Mimi siteremki kwenye ile ya maji ili nipande kwenye ya mafuta. Breki kwenye mvua kwanza.

Upepo wa tairi nao ni bure au karibu na bure. Upime asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, na ufuate namba ya kibandiko. Takwimu inayotolewa na serikali ya Marekani ni kwamba kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote hupandisha ulaji kwa karibu asilimia 0.2. Inaonekana ndogo, lakini tairi zilizoshuka psi 10 ni kitu cha kawaida sana kwenye magari ninayoyaona.

Filta ya hewa ya wazi, ile ya umbo la pia inayofungwa badala ya boksi la kiwandani, niliifunga makusudi ili niione kwa hesabu yangu. Sauti ni tamu ukikanyaga. Mafuta hayakubadilika hata kidogo. Na sababu inaeleweka ukijua injini hizi zinavyofanya kazi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaipa kompyuta habari kila wakati, na kompyuta inarekebisha mafuta ili yakae kwenye uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukiingiza hewa zaidi, inaongeza mafuta yalingane nayo. Tena, ukiwa unatembea polepole, kinachobana hewa si filta, ni throto yenyewe, kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, ambayo umeifungua kidogo kwa sababu huhitaji nguvu nyingi. Filta ikiwa nyepesi zaidi, throto inafunguka kidogo zaidi ya hapo, basi. Hata utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kwenye magari ya kisasa ya sindano za mafuta, filta chafu haipandishi ulaji kwa kiasi cha maana. Inachopunguza ni uwezo wa gari kushika kasi. Na filta ya wazi inakaa ndani ya boneti ikivuta hewa ya moto. Nimerudisha boksi la kiwandani, na filta ya karatasi naibadilisha kwa wakati wake.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachodai kujifunza uendeshaji wako, na kile kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara: sinunui, na nakuomba sana usinunue. Vingi vya vile vya kuchomeka, vikifunguliwa, vinakutwa na taa na sakiti ya kuiwashawasha tu, waya za mawasiliano hazijaunganishwa na chochote. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hii kwa miaka mingi, na hakuna hata kimoja kilichoonekana kupunguza mafuta kwa kiasi kikubwa. Hasira yangu hapa ni kwa sababu wanaouziwa ni watu wenye magari madogo, wanaohesabu kila lita.

Kuna kidude kimoja cha kuchomeka ambacho nakitetea kwa moyo wote: kisoma OBD cha Bluetooth, aina ya ELM327, yaani cha kusomea taarifa za kompyuta ya gari, na programu ya simu ya kukisoma. Chenyewe hakiokoi tone. Kinakuonyesha injini inafanya nini. Fit haina mshale wa joto la injini. Ina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imechemka, na katikati hapo kuna kimya. Nilipochomeka kisoma changu niliona maji ya injini, hata baada ya mwendo mrefu wa barabara kuu, yanabaki nyuzi 60 na kitu badala ya kupanda hadi 80 au 90. Taa ya bluu ilikuwa imeshazima zamani, kwa hiyo dashibodi isingeniambia. Thermostati ilikuwa imechoka na kubaki wazi. Injini ikidhani bado ni baridi huendelea kupewa mafuta ya ziada, na oili nayo hubaki nzito. Nilibadilisha thermostati na mpira wake, na kilomita kwa lita za barabara kuu zikapanda kutoka 15 hadi ile 17 niliyoitaja juu. Kifaa hicho hakina mng'ao wowote, wala hakuna mtu atakayefungua boneti akakisifu.

Kwenye programu hiyohiyo angalia pia kitu kinachoitwa fuel trim, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ile ya muda mrefu ikikaa karibu na sifuri, injini iko sawa. Ikikaa juu ya asilimia 10, kompyuta inaongeza mafuta kufidia kitu: pengine hewa inaingia kwenye mpira uliopasuka, pengine sensa imezeeka. Hapo una cha kumwambia fundi badala ya kumwambia tu kwamba gari linakunywa.

Oili ya injini ni 0W-20. Kuna mafundi watakaokuwekea nzito wakisema inalinda zaidi. Nzito kuliko iliyopendekezwa inaongeza msuguano, na tofauti ni asilimia moja au mbili. Kubwa zaidi ni mafuta ya gia boksi. CVT ya GE6 inataka HMMF, mafuta ya Honda yenyewe, si ATF ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, na si HCF-2 ya kizazi kilichofuata. Usikubali kuwekewa yoyote iliyopo dukani. Plagi za iridiamu ndizo zilizotoka nazo kiwandani, kwa hiyo kuzifunga mpya ni kurudisha, si kuboresha. (Wenye Fit ya kwanza, GD1 ya i-DSI, hesabuni plagi 8, mbili kila silinda, kuna mafundi wanaobadilisha 4 za mbele na kuziacha za nyuma.)

Keria ya juu ya paa iondoe ukimaliza kazi nayo. Kwenye mwendo mkubwa, upepo ndio adui mkuu, na nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 100, upepo unakukaba zaidi kwa asilimia 56. Boksi la mizigo juu ya paa huweza kupandisha ulaji kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa.

Kwenye mteremko, usiweke gia huru. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye D, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka huru, injini inabidi inywe ili isizime, na umepoteza breki ya injini. Naona watu wazima wenye uzoefu wa miaka wakiwafundisha wanao kinyume cha hili, na inaniuma, kwa sababu ni hatari pia.

Limebaki la kuinua gari. Fit iko chini, uvungu wake uko milimita 150 kutoka ardhini, ni gari lililotengenezwa kwa lami. Spesa za springi zinazouzwa, vile vipande vya kuinulia springi, hulipandisha, na kwa anayepita njia mbovu kila siku nazikubali, kwa masharti: zisizidi sentimita 2 hadi 3, ziwe za alumini au plastiki ngumu na si za mpira laini, na alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Ukipandisha zaidi, shafti zinakaa kwa pembe kali na buti zake, yaani mipira inayofunika viungo vyake, hupasuka mapema, na tairi zisizoelekea sawa zinaburuzwa barabarani zikila petroli na kulika zenyewe. Zangu ni za sentimita 2. Kwenye hesabu ya tangi sijaona tofauti, na chini hapagongi tena kwenye matuta ninayopita na abiria watatu nyuma.