Uzoefu wangu: wiki saba za tuisheni ya kalkulasi, Makorora, Tanga

Nimesoma tuisheni hii wiki saba, Jumamosi na Jumapili, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, kwenye chumba cha uani huku Makorora. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Jina la mwalimu siliandiki kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisiliandike. Ni mzee mstaafu, na wanafunzi wa mtaa ule wanaijua nyumba. Naandika kwa ajili ya watahiniwa wa kujitegemea kama mimi, hasa wanaokwenda vizuri na kalkulasi mpaka wanapofika kwenye maswali ya kasi zinazotegemeana, yale ambayo kitu kimoja kikibadilika kingine nacho kinabadilika.

Mimi nilikwama hapo mwaka mzima. Kudiferenshieti, yaani kutafuta kasi ya badiliko, nilikuwa najua: ukinipa x³ nakupa 3x² papo hapo. Lakini niambie puto linajazwa upepo, nitafute nusukipenyo kinaongezeka kwa kasi gani, kalamu inasimama. Kabla ya hapa nililipia mahali pengine miezi miwili. Kule tulipewa karatasi ya fomula pamoja na majibu yaliyokwisha kokotolewa, tukaambiwa tukariri aina nane za maswali. Likija la tisa, huna pa kushika. Ile hela inaniuma hadi leo, maana niliipata kwa kusimama dukani kutwa.

Siku ya pili hapa Makorora mwalimu alitupa swali la ngalawa. Mvuvi amesimama gatini, anaivuta ngalawa kwa kamba iliyofungwa omoni. Gati liko juu ya omo kwa mita 3. Anavuta nusu mita ya kamba kila sekunde. Kamba iliyobaki ikiwa mita 5, ngalawa inakuja kwa kasi gani?

Nikachora pembetatu mraba, nikaandika 5² = x² + 3², x ikiwa umbali wa ngalawa hadi gatini, nikapata x ni 4. Nikadiferenshieti pande zote mbili, na jibu likawa sifuri. Yaani ngalawa haiendi. Nikafuta, nikarudia, sifuri tena. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu.

“Binti, hiyo kamba imetulia?”

“Hapana, mwalimu, inavutwa.”

“Sasa mbona umeiandika 5?”

Nilinyamaza, kwa sababu hapo hapo niliona. Kamba inakuwa mita 5 kwa kitambo kidogo mno. Kabla yake ilikuwa ndefu zaidi, na baada yake ni fupi zaidi. Nikiandika 5 mapema nimeigandisha, na kitu kilichogandishwa hakina kasi. Akanitaka niandike herufi kwanza, z ikiwa urefu wa kamba: z² = x² + 9. Ile 9 inaruhusiwa kwa kuwa kimo cha gati hakibadiliki (bahari yetu inapwa na kujaa, lakini si ndani ya sekunde chache). Ukidiferenshieti kwa kufuata wakati, t, unapata 2z·dz/dt = 2x·dx/dt, ambapo dz/dt ni kasi ya z na dx/dt ni kasi ya x. Sasa ndipo namba zinakaribishwa: z ni 5, x ni 4, na dz/dt ni −0.5, hasi kwa sababu kamba inapungua. Jibu: dx/dt = −0.625. Ngalawa inalikaribia gati kwa mita 0.625 kila sekunde.

Nilidhani nimekosea tena, maana kamba yenyewe inavutwa mita 0.5 tu, iweje ngalawa iipite mbio? Mwalimu akaniambia nijaribu kamba ikiwa imebaki mita 3.25. Hapo x ni 1.25, na kasi ikapanda hadi mita 1.3. Mkono wa mvutaji haujaongeza chochote. Usiku ule nilimweleza baba mdogo, ambaye amevua miaka mingi. Akasema ndivyo ilivyo, chombo kikishakaribia ndipo kinakuja kwa nguvu, na anayejua kazi huanza kulegeza kamba mapema. Sijawahi kufurahia hesabu kama usiku ule.

Utaratibu wa mwalimu hauna mambo mengi. Unapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto unaandika vinavyobadilika, kulia vilivyotulia. Unachora picha, unaipa herufi, unatafuta mlinganyo unaoziunganisha, unadiferenshieti. “Namba zisubiri mlangoni,” ndivyo anavyosema, na ukiziingiza kabla ya wakati anakuchorea duara jekundu bila kusoma kilichobaki. Mwanzoni nililiona duara lile ni ukali. Wiki ya tatu nikawa najichorea mwenyewe.

Kanuni ya mnyororo aliifundisha kwa baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli nani asingeelewa? Alituingizia yake mpaka ndani. Tukahesabu meno: mbele 44, nyuma 22, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Gurudumu likizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 2. Ukikanyaga mzunguko mmoja kwa sekunde, unakwenda 2 × 2 × 1, mita 4 kwa sekunde. Kasi moja inaizaa nyingine, nawe unazizidisha.

Lililonikaa zaidi ni swali la pia, lile umbo la faneli, kwa sababu nililifanyia jaribio dukani Ngamiani, tunakouza faneli za bati. Chukua faneli yenye kimo cha sentimita 12 na nusukipenyo cha sentimita 6 mdomoni, uizibe chini, umimine maji sentimita za ujazo 10 kila sekunde. Ujazo wa pia ni ⅓πr²h, lakini humo mna herufi mbili zinazobadilika. Umbo la faneli ndilo linalokuokoa: kokote maji yafikapo, r ni nusu ya h. Kwa hiyo V = πh³/12, na dV/dt = (πh²/4)·dh/dt. Maji yakiwa na kina cha sentimita 2, yanapanda karibu sentimita 3.2 kwa sekunde. Yakifika sentimita 10, ni kama 0.13 tu, mara 25 polepole zaidi, na mkono unamimina vilevile. Niliziba tundu kwa kidole, mdogo wangu akamimina. Chini maji yaliruka, juu yakawa yanatambaa. Mteja aliyekuja kununua misumari alisimama akatazama nasi hadi faneli ikajaa.

Mwalimu alituambia pia kwamba Newton, alipokuwa akiyaanza mambo haya Uingereza miaka ya 1665 na 1666, aliviona vitu kama vinavyotiririka, na jina alilozipa kasi zake linatokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo. Alama ya dy/dx tunayoandika ni ya Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, aliyechapisha kazi yake mwaka 1684. Tangu nisikie hivyo, nikisoma swali najiuliza kwanza: humu kinachotiririka ni nini?

Yasiyoniridhisha yapo. Maswali ya pembe, mfano kamera inayoinuka kufuata kitu kinachopaa, yalipewa siku moja tu, na hayo ndiyo yanayotaka muda kwa sababu pembe lazima iwe katika radiani, kipimo ambacho mzunguko mzima ni 2π badala ya digrii 360. Kwa digrii kasi yako inatoka si yenyewe. Tulikuwa 14 kwenye mabenchi ya watu 10. Umeme ukikatika chumba kinakuwa giza kuanzia saa 10 na nusu, kwa hiyo beba tochi. Hakuna karatasi ya majibu ya kwenda nayo nyumbani. Mwalimu anataka umletee kazi aione mwenyewe, nami ninayefanya kazi siku za wiki nilisubiri hadi Jumamosi kujua kama nimepata.

Kama unatafuta mtu wa kukupitisha haraka sura nzima ndani ya wiki mbili, hapa si pako. Kama umekwama nilipokuwa nimekwama mimi, nenda. Mwezi ujao narudi kwa ajili ya pembe, na nimeshalipa.