Waliweka nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, kisha wakamlaumu mtoto

Nilikusudia kutoa nyota moja nikaishia hapo. Lakini duka hili la vyombo vya muziki lina mwalimu wa maana ghorofani na lina kijana wa kaunta chini, na wawili hao hawapimwi kwenye mizani moja, kwa hiyo itabidi niandike kwa urefu.

Mpwa wangu, binti wa shule ya msingi, anataka kujifunza bluzi, muziki ule wa majonzi wa Wamarekani weusi. Hajawahi kushika gitaa. Miezi kadhaa iliyopita mama yake alikwenda naye kwenye duka hili, hapa Tanga mjini, akaeleza wazi kwamba mtoto anaanza na kwamba anataka bluzi. Wakauziwa gitaa jipya kwa laki mbili kasoro kidogo, pamoja na vipindi vinne vya bure. Hadi hapo sina neno.

Gitaa walilopewa ni la nyuzi za nailoni. Kijana wa kaunta aliposikia neno bluzi, alizivua zile za nailoni palepale akafunga za chuma, seti ya 12 (namba ni unene wa nyuzi; ikiwa kubwa, nyuzi ni nene), eti lilie kibluzi. Alizipitisha kwenye matundu ya daraja, kile kibao cha kifuani mwa gitaa kinachoshika nyuzi, vile vipira vya shaba mwishoni mwa uzi vikawa ndio kizuizi. Kwa asiyejua inapendeza. Kwa anayejua, ni sawa na kupakia magunia ya saruji kwenye baiskeli ya mtoto.

Nyuzi sita za nailoni zikishatyuniwa huvuta gitaa kwa nguvu ya kilo 35 hadi 40 hivi. Za chuma seti ya 12 huvuta zaidi ya kilo 70. Gitaa la chuma hujengwa kwa mzigo huo: ubao wa mbele una mbavu nene zilizopishana ndani, na ndani ya shingo hupita fimbo ya chuma inayozuia isipinde. Gitaa la nailoni lina mbavu nyembamba zilizotandazwa kama upepeo wa ukili, na mara nyingi shingoni hakuna chuma chochote. Ukilibebesha mzigo mara mbili ya wake halivunjiki siku hiyo. Linaumia polepole, na polepole ndiko kunakompa muuzaji nafasi ya kusema mmeliharibu nyumbani.

Zilipita kama wiki mbili. Ubao nyuma ya daraja ukavimba. Daraja lenyewe likaanza kung'oka upande wa nyuma, kiasi kwamba karatasi ya daftari iliingia chini yake bila kusukumwa. Shingo ikapinda kwenda mbele. Nilipopima kwa rula ya shule, uzi mnene ulikuwa juu ya freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatisha shingo) kwa milimita saba. Gitaa la chuma linalopigika huwa na milimita mbili na nusu hivi, na hata la nailoni halizidi nne kwa mbali.

Milimita saba maana yake nini kwa mtoto anayeanza? Kwanza vidole vinachanika badala ya kuota sugu. Pili, na hili ndilo baya zaidi, uzi ulio juu ukiubonyeza unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Akiweka kidole mahali sahihi kabisa, noti inatoka kali kuliko inavyotakiwa. Mtoto anasikia kosa, anadhani ni lake. Mama yake naye akaanza kumwambia hafanyi bidii.

Basi nikalirudisha gitaa, tukaenda na mtoto. Alimwamkia yule kijana, "Shikamoo." Hakuitika. Macho kwenye simu. Nikaliweka gitaa kaunta, nikapenyeza karatasi chini ya daraja aone mwenyewe. Akasema, "Mzee, huyu kakaza mno. Vitoto vina papara." Halafu akamgeukia mtoto: "Vidole vyenyewe laini hivyo. Mnunulieni kinanda."

Nataka nilijibu hili la kukaza, maana wengi wataambiwa hivyo hivyo. Mtoto alityuni kwa programu ya simu: E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene. Sindano ilisimama katikati kwa kila uzi. Uzi ukifika kwenye noti yake haujakazwa mno, umekazwa inavyotakiwa, na kilo zile sabini zinakuja pale pale kwenye noti sahihi. Gitaa lisilobeba noti zake limefungiwa nyuzi zisizo zake. Aliyezifunga tunamjua, na hakuwa mtoto.

Sasa haki ya mwalimu. Yule bwana wa ghorofani anajua kufundisha anayeanza kutoka sifuri. Hakuanza na kodi, yaani noti kadhaa za kupigwa pamoja, za vidole vinne. Alianza na mguu. Mapigo ya shafo ya bluzi hugawa kila pigo sehemu tatu na kuruka ile ya kati, na yeye alilifundisha kwa neno moja: kitanda. Mguu unashuka kwenye "ki", unalimeza "ta", unapiga "nda". Ki... nda, ki... nda. Baada ya dakika kumi mtoto alikuwa nayo mwilini, kabla hajagusa uzi.

Kisha akampa ufunguo wa A, kwa sababu A, D na E zote zina besi ya uzi mtupu, usiobonyezwa. Kwa A unapiga uzi wa tano mtupu (nyuzi huhesabiwa kuanzia nyembamba) pamoja na wa nne, kidole cha shahada freti ya pili. Mara mbili hivyo, halafu kidole cha pete freti ya nne, mara mbili, unarudi. Mkono wa kulia unapiga kwenda chini tu. Kwa D unahama uzi mmoja kwenda kwenye nyembamba, kwa E unahama mmoja kwenda kwenye nene. Vidole na freti ni zile zile. Mpangilio ni vipimo 12, kila kimoja mapigo manne: A vinne, D viwili, A viwili, kisha E, D, A, na E ya kukurudisha mwanzo. Vidole viwili, na tayari ni bluzi. Kwenye gitaa zima mtoto huyu angeimaliza raundi nzima kipindi cha pili.

Kwenye hili, freti ya nne ililia kali kila mara. Mwalimu alilichukua, akalitazama daraja, akanyamaza kidogo, akamwambia atumie la kwake. Ningempa nyota tano. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuandika kwamba duka kwa jumla ni zuri, ila mkague gitaa.

Lakini kila nikifika hapo nakumbuka kipindi cha nne, cha kuvuta uzi, yaani kuusukuma kando ukiwa umebonyezwa ili sauti ipande. Bluzi bila kuvuta uzi haipo. Sauti ile ya B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, namna alivyoupeleka uzi na kuutikisa. Zoezi la kwanza ni uzi wa tatu, freti ya saba: kidole cha pete kinasukuma, cha shahada na cha kati vinasaidia nyuma yake, dole gumba limeshika juu ya shingo, na nguvu inatoka kwenye kuzungusha kiganja, siyo kwenye vidole. Unasukuma mpaka sauti ilingane na uzi wa pili freti ya tano. Usikisie; piga ile ya pili kwanza, isikie, ndipo usukume uifuate. Wengi huishia njiani, na bluzi inageuka kilio cha paka.

Dole gumba juu ya shingo! Shingo ya gitaa la nailoni ni pana, karibu milimita 52 pale juu, wakati la chuma lina kama 43. Mkono wa mtoto haufiki. Kwa hiyo hata wangemwachia nailoni zake, gitaa hili halikuwa la kazi aliyoitaja mama yake waziwazi. Hapo nyota zangu zinarudi kuwa moja. Katika mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, muuzaji wa magitaa hawezi kujitetea kwamba gitaa ni kitu kigeni.

Mkienda kununua, hapa au kwingine: tazama daraja. Kama nyuzi zimefungwa fundo, au kichwa cha gitaa kina matundu marefu mawili, kwa kawaida ni la nailoni, usikubali mtu aguse kwa chuma. Kwa bluzi chukua la chuma, umwombe afunge seti ya 10 au 11, siyo 12. Ukimudu la umeme na spika ndogo ni afadhali zaidi, maana seti ya 9 au ya 10 uzi wake wa tatu haujaviringishwa na huvutika kwa urahisi. Bonyeza kila freti ya kila uzi kabla ya kulipa. Na chumvi ya bahari hapa Tanga haisamehi chuma: futa nyuzi kwa kitambaa cha kanga kuukuu kila ukimaliza.

Gitaa sasa liko Ngamiani kwa fundi wa mbao. Ameling'oa daraja lote, akakwangua gundi ya zamani, amelibana upya, na ameagiza lisiguswe mpaka likauke vizuri. Litarudishiwa nailoni na kubaki la mazoezi ya vidole. Fedha hawajarudisha. Ya fedha ningeyamaliza. Ile shikamoo isiyoitikiwa, na lile neno la vidole laini, bado naidai, na siku kijana yule atakapomwita mtoto akamwambia samahani nitakuja hapa kuongeza nyota kwa mkono wangu. Mtoto anaendelea na mwalimu, kwa gitaa la kuazima.